Makopo ya Buterere

Kopo la maziwa ya unga likipigwa kwa kijiti hulia tofauti na kopo la rangi, na kopo la rangi halilii kama sufuria iliyotoboka. Hayo sikufundishwa na mtu. Niliyajua kwa sababu utotoni mwangu, kila msimu mpunga ulipoanza kutoa masuke, niliamshwa na milio hiyo. Tulikaa Buterere, pale chini kabisa kaskazini mwa Bujumbura, mahali mji unapochoka na kugeuka tope. Mbele ya nyumba zetu za matofali mabichi yalianza majaruba, yaani vile vipande vya mashamba ya mpunga vilivyozungushiwa kingo za udongo ili maji yatulie, nayo yalikwenda hadi kwenye mafunjo ya mto Mutimbuzi. Kila familia ilikuwa na jaruba lake, kila jaruba lilikuwa na kopo lake, na kila kopo lilikuwa na mapigo yake. Letu lilipigwa mawili ya haraka, kisha moja zito lililochelewa kidogo, kwa sababu Babu ndiye aliyeyaanzisha mapigo hayo na Babu hakuwa mtu wa kukimbizwa. La jirani yetu Mama Goreti lililia mfululizo bila kupumua, sawasawa na mwenyewe alivyokuwa akiongea. Mama yangu aliweza kukaa jikoni akikoroga uji, akakuambia bila kutoka nje nani ameshafika shambani na nani bado amejifunika shuka.

Mtu asiyelima mpunga hudhani ndege anafukuzwa akaenda zake. Haendi. Anaruka kidogo tu na kutua kwa jirani, kwa hiyo kazi yetu haikuwa kuwafukuza bali kuwapitisha. Waliingia kwa juu, upande wa barabara, wadogo wenye midomo myekundu, kundi zima likijikunja na kujikunjua hewani. Jaruba la kwanza linalia, ndege wanahamia la pili, la pili linalia, wanahamia la tatu, hivyo hivyo mpaka wanasukumwa kwenye mafunjo ya mto ambako walikuwa na mbegu zao za porini za kula. Ikiwa jaruba moja katikati limekaa kimya, basi wanatua hapo na kulimaliza. Ndiyo maana tangu asubuhi hadi jioni kulikuwa na swali moja linalopigiwa kelele kutoka ukingo hadi ukingo: "Ndege ziko kwa nani?" Na mtu alijibu, "Ziko kwa Mama Goreti!" au, "Ziko kwenu, amukeni!" Baadaye nilipokwenda shule mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa kwa sababu ya sentensi hiyo. Alisema ndege wa mabawa husemwa wako, na ndege za chuma ndizo husemwa ziko. Kiswahili chetu cha Buterere hakikuwa na anasa hiyo. Uwanja wa ndege ulikuwa pale pale, ng'ambo ya mafunjo, na ndege za aina zote mbili zilipita juu ya vichwa vyetu kwa jina moja, wala hakuna aliyechanganyikiwa, maana aina moja ilikula mpunga na nyingine haikula.

Babu, baba yake baba yangu, alikuwa amevuka mto Rusizi kutoka upande wa Kongo akiwa kijana asiye na ndevu, zama za Wabeleji, kuja kulima pamba. Alipenda kutusimulia habari hizo akiwa ameweka miguu yake ndani ya mfereji, na sisi tuliosikia mara nyingi tulijua mahali atakapokohoa. Alisema bonde lote lilipimwa kwa kamba, watu wakapangwa kwa mistari iliyonyooka, nyumba mbele, shamba nyuma, na kila mstari ulilima pamba utake usitake. Baada ya kuvuna iliwabidi kung'oa mashina yote na kuyachoma moto, na msimamizi alipita kuangalia majivu. Pamba aliichukia hadi kufa kwake. Alisema ni zao la mtu aliyeshiba, kwamba usiku mtoto akilia njaa huwezi kumpikia nguo. Mpunga ulipoingia bondeni, yeye alikuwa miongoni mwa waliochimba mfereji kutoka mtoni kwa majembe na mikono, na ule udongo mweusi uliokuwa umebeba pamba bila shukrani, kwa maneno yake, ukafungua mdomo. Waliupata wengi: watu walioteremka kutoka milimani, watu waliotoka mtaa jirani wa Kinama wakitafuta pa kulima, na sisi tulioitwa Waswahili, tunaoswali na kuzungumza Kiswahili ndani ya nyumba. Maji yaligawanywa kwa zamu. Siku ya zamu yako unafungua tope kwenye ukingo wako, na jirani haruhusiwi kununa.

Jambo moja lilimshinda Babu, nalo ni Kirundi. Alikisikia chote. Ukimsengenya kwa Kirundi alikuwa anageuka na kukutazama. Lakini kukisema, hapana, alikuwa na Kirundi cha kununulia chumvi, na hata hicho kilimtoka kimepinda. Mama Goreti, ambaye alikuwa mtu wa milimani na jaruba lake lilipakana na letu, alimcheka kwa hilo miaka nenda miaka rudi. Alimfundisha neno asubuhi, na jioni alimwuliza ili acheke tena. Babu naye alikuwa akifurahi kuchekwa, alijifanya amekasirika, akamwita mwanamke huyu mchokozi, kisha akamgawia miwa. Na alipopatwa na mshtuko, kwa mfano kiboko alipotokea kwenye mafunjo au moto uliposhika nyasi, Kirundi chote kiliyeyuka kichwani na kilichotoka kilikuwa Kiswahili cha kwao, cha ng'ambo ya mto.

Vita vilipoanza sikuviona, nilivisikia. Ndiyo sababu nasema utoto wangu uko masikioni. Kwanza risasi za mbali upande wa Kamenge, kavu, zisizo na mwangwi. Halafu Kinama. Halafu siku watu wa Kinama walipopita kwetu wakiwa na magodoro kichwani na mbuzi kwa kamba, bila kuongea. Kisha makopo yakaanza kupungua. Asubuhi moja kopo la rangi la familia ya karibu na barabara halikulia, na Mama akasimama jikoni na mwiko mkononi, anasikiliza. Akasema labda wamechelewa. Keshoye halikulia tena, naye akaendelea kukoroga uji. Wiki ile lilinyamaza jingine, na jingine, kila jaruba likiacha pengo ambalo ndege walilijua kabla yetu. Hatukuwa na habari ya nani amekimbia na nani amepatwa na jambo. Tulihesabu watu kwa masikio, na kila asubuhi hesabu ilipungua. Baba alikuwa Uvira, upande wa Kongo, fundi baiskeli, alikwenda kabla barabara haijawa mbaya na sasa akawa hawezi kurudi. Wanawake wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliovuka mpaka walituletea maneno yake, nayo yalikuwa yale yale kila mara: njooni huku.

Mama hakutaka kwenda na hakutaka kukaa. Tulikuwa tumebakiza chakula kidogo, soko la Kinama lilikuwa limekufa, na njia ya kwenda mjini ilikuwa ya kubahatisha. Jioni moja alitoa gunia letu la mpunga, lile lenye mstari wa buluu, akalikung'uta mbele ya Babu, akasema uamuzi wake kwa sauti ya chini, nami nilikuwa nimekaa hapo nikichambua maharage. "Gunia likijaa, tunabaki. Lisipojaa, mi navuka na watoto." Babu alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema ni sawa, mama wa watoto ana haki ya kuwatoa watoto kwenye njaa. Kisha akasema yeye aliuvuka mto ule mara moja katika maisha yake na hiyo inamtosha. Hakupandisha sauti. Kesho yake nilimwona ameitenga sufuria yake ndogo, kijiko chake na mkeka wake wa kuswalia pembeni ya nyumba, ili tukiondoka tusihangaike kutafuta kilicho chake. Kile kisufuria kiliniumiza roho kuliko risasi. Tangu siku hiyo sikuona tena mpunga pale shambani, nilimwona Babu. Kila suke lililoliwa na ndege lilikuwa ni yeye anaachwa peke yake ndani ya nyumba ile.

Na hapo ndipo askari waliokuwa wamepiga kambi darajani walipopiga marufuku makopo. Walikuja wakatangaza mlango kwa mlango kwamba kule Kinama watu hugonga mabati na masufuria kupeana habari askari wakikaribia, basi asisikike mtu Buterere anapiga bati, kopo wala sufuria. Atakayepiga amejitambulisha kuwa adui. Mama Goreti alijaribu kuuliza mpunga ulindwe vipi, akajibiwa aulinde kwa macho. Basi tuliulinda kwa macho. Tulikimbia kwenye kingo tumetandaza mikono bila kutoa sauti, mimi na Goreti, binti wa jirani, na wadogo zangu, mtu angetuona kwa mbali angedhani tumerukwa na akili. Tulifunga kamba kutoka mti hadi mti na kuning'iniza utepe wa kaseti ili upepo uutikise. Mama alisimamisha sanamu ya mtu kwa miti miwili, akaivika koti la Baba la kaki. Asubuhi moja tulikuta koti lile lina tundu kifuani na lingine mgongoni, mahali risasi ilipoingia na ilipotokea. Mama alilivua, akalirudisha nyumbani, akatafuta sindano na uzi akashona matundu yote mawili vizuri kabisa, na lile koti likarudi msumarini. Mti uliobaki shambani ndege waliuzoea, wakawa wanautumia kupumzikia.

Mpunga una siku zake mbaya. Punje ikiwa bado haijakaza, ndani yake mna maji meupe kama maziwa, na ndege huyapenda hayo kuliko kitu chochote, anaminya punje kwa mdomo, ananyonya, anaacha ganda. Kwa mbali unaona masuke yamesimama vizuri, ukiyashika ni makapi. Msimu ule siku hizo mbaya zilitukuta tumebaki majaruba machache tu yenye watu, tumezungukwa na mapengo, na ndege walikuwa wengi kwa sababu makundi yote yaliyozoea kugawanyika bondeni yalikuja kwetu. Babu alikaa ukingoni tangu alfajiri. Asubuhi moja, sisi tukiwa bado nyumbani tunakunywa uji, nikasikia. Mawili ya haraka, moja zito.

Mtaa mzima uliamka kwa kukimbia. Kwao lile halikuwa kopo la mpunga tena, lilikuwa ni onyo la hatari, kama Kinama. Nikaona watu wanatoka na magodoro, mwanamke mmoja amembeba mtoto miguu juu kichwa chini, wote wanaelekea barabarani. Mama peke yake alikimbilia upande wa pili. Aliyatambua mapigo. Alisema tu, "Ni Muzee," akaliacha bakuli, akatoka na kanga moja, nami nyuma yake nikakimbia bila kuitwa. Tulimkuta Babu amesimama kwenye ukingo, kopo mkono mmoja, kijiti mkono mwingine, machozi yanamtoka. Alisema walishuka wote kwa pamoja. Alisema hakuweza kuvumilia, mikono ilipiga yenyewe. Mama alimnyang'anya kijiti, lakini askari walikuwa tayari wanakuja kwenye kingo, watatu, buti zinabomoa udongo tulioukanda kwa mikono.

Mkubwa wao alikuwa na tepe begani na uso wa mtu ambaye hajalala. Alimwuliza Babu kwa Kirundi, taratibu, anampigia nani. Babu alielewa. Hilo ndilo linaniuma, alielewa kila neno. Alifungua mdomo atafute jibu katika kile Kirundi chake cha chumvi, na kwa hofu hakikuwepo, akajibu kwa lugha iliyobaki. "Nafukuza ndege."

Sasa, kwa Kirundi ndege wa mabawa ni inyoni. Indege ni kitu kimoja tu, ni ile ya chuma, yenye injini. Mkubwa yule alikuwa mtu wa milimani, Kiswahili alikisikia nusu, na neno alilolisikia lilikuwa lake mwenyewe. Akarudia, "Indege?" Babu akafurahi kwamba ameeleweka. Akaitikia kwa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo, na ili kusaidia zaidi akanyoosha mkono kuonyesha juu, angani, upande wa mafunjo, na nyuma ya mafunjo hayo mnara wa uwanja wa ndege ulikuwa unaonekana mweupe kabisa. Niliona askari mdogo anaishusha bunduki kutoka begani. Kwao mzee alikuwa amekiri kwamba anapeana ishara juu ya ndege za uwanjani. Mama alianza kusema maneno yakakwama, na ni Mama Goreti aliyefika anahema, matope mpaka magotini, akaanza kumimina Kirundi kama kopo lake, kwamba ni inyoni, inyoni afande, huyu muzee ni Muswahili, hajui kusema, ni inyoni tu zinazokula mchele wetu. Mkubwa alimsikiliza, kisha akamjibu kwamba mzee ameshasema kwa mdomo wake na kwa mkono wake, na yeye mwanamke amekuja kumbadilishia neno. Akatazama juu. Akauliza, kama ni inyoni, ziko wapi?

Anga ilikuwa safi. Hapakuwa na unyoya. Kopo lilikuwa limefanya kazi yake vizuri mno. Tulitazamana, na nafikiri sote tuliona kwa wakati mmoja mahali tulipofika. Mkubwa akatuamuru tukae chini ukingoni, tusiongee, tusiinue mkono. Ndege wakija, vizuri. Wasipokuja, mzee ataongozana nao hadi darajani. Waliokwenda darajani msimu ule tulikuwa tunawajua kwa majina, na hatukuwa tumemwona hata mmoja akirudi.

Tukakaa. Jua lilikuwa linapanda na tope linaanza kunuka ile harufu yake ya chuma na majani yaliyooza. Mkubwa alisimama, kopo letu liko chini kati ya buti zake. Tangu mpunga ulipotoa masuke nilikuwa nawalaani wale ndege kila nilipopumua, niliwaombea ugonjwa, niliwaombea mvua ya mawe, na sasa nikawa nimefumba macho namwomba Mwenyezi Mungu awalete. Nilimwomba kwa Kiswahili, halafu nikaogopa, nikasema inyoni, Mungu wangu, inyoni, asije naye akakosea. Mama alikuwa akisogeza midomo bila sauti. Sikumbuki kama nimewahi kukitamani kitu katika maisha yangu kama nilivyowatamani wale wezi. Wangeweza kuwa wameenda moja kwa moja hadi mtoni. Wangeweza kutua kwenye majaruba yaliyoachwa, huko juu, ambako hakuna mtu wa kuwasumbua. Kulikuwa na nafasi kila mahali katika bonde lile lililokimbiwa.

Alikuja mmoja. Alitua juu ya mti wa sanamu yetu, akaangalia huku na huku, akashuka kwenye suke, suke likainama. Nikasikia sauti kama mvua ya mbali juu ya majani, wakaja wote. Walitua kwetu. Si kwa Mama Goreti, si kwenye mapengo, ni kwetu, katikati kabisa, mahali mpunga ulipokuwa mzuri kuliko kote. Wakaanza kula mbele yetu. Ukikaa karibu hivyo unasikia punje zinaminywa, tik, tik, tik, maelfu ya midomo, na yale maziwa meupe yanawadondoka. Hakuna aliyeinua mkono. Gunia letu lilikuwa linaliwa, kile kisufuria cha Babu kilikuwa kinaliwa, na tulikaa tumetulia kama wageni waalikwa. Yule mkubwa alitazama kwa muda mrefu, mrefu kuliko alivyohitaji. Niligeuza macho nikaona mikono ya Babu juu ya mapaja yake, inapiga bila kutoa sauti, mawili ya haraka na moja zito.

Mwishowe mkubwa alisema, "Inyoni." Alisema kama mtu anayejikumbusha. Halafu akamgeukia Babu akamwambia, "Muzehe, sema: inyoni." Babu akasema. Lilitoka limepinda kama kawaida, na askari mdogo akashindwa kujizuia, akacheka. Mkubwa akamwambia arudie. Babu akarudia, mzee mzima, kanzu imelowa tope, amekaa chini kama mtoto wa madrasa, inyoni, inyoni, mpaka mkubwa akaridhika. Akaliponda kopo letu kwa buti, akalitia mferejini kwa teke, wakaondoka. Hapo ndipo Mama alipoingia kwenye mpunga na kanga yake akiipeperusha juu ya kichwa, bila kupiga kelele, na kundi likapanda. Mama Goreti alibaki amekaa pale pale, analia kwa kwikwi. Alimwambia Babu, "Mi sitakucheka tena, Muzee." Babu hakusema neno hadi jioni, si Kiswahili si Kirundi.

Tulivuna kilichobaki. Tulivuna pamoja na Mama Goreti, jaruba lake kisha letu, tukapura kwa kupiga masuke kwenye gogo lililofunikwa turubai ili lisisikike mbali, na mama zetu wakapepeta na kurudia kupepeta, maana kila ungo ulitoa makapi mengi kuliko punje. Siku ya kujaza gunia Babu hakutaka kuangalia. Alikwenda kukaa kwenye mfereji, miguu majini. Mama alimimina mpunga, akalitikisa gunia, akalipigapiga chini lishindilie, akamimina ungo wa mwisho. Mpunga ulipita nusu ya gunia kidogo tu. Nilimtazama usoni na sikuona kitu. Aliingia ndani akakawia, na mimi nikajua anafunga mizigo, na nikaanza kulia kabla sijaambiwa.

Alitoka na kisu na ile sindano aliyoshonea koti la Baba. Akalikata gunia kwa kuzunguka, juu kidogo ya pale mpunga ulipofika, kile kipande cha juu akakitupa pembeni, akapiga magoti akashona mdomo wake, mshono wa karibu karibu, bila haraka. Kisha akaniambia nimshikie upande mmoja, tukalibeba mpaka kwenye mfereji, tukalisimamisha mbele ya Babu. Lilikuwa fupi, nene, limesimama lenyewe. "Muzee," alisema, "gunia limejaa." Babu alipitisha kidole kwenye mshono, kutoka mwanzo hadi mwisho. "Limejaa," alisema.

Tulibaki. Tulikula uji mwembamba na majani ya maboga na ndagala tulipozipata, na sikumbuki siku niliyoshiba, lakini kisufuria cha Babu kilirudi jikoni na vyombo vingine. Baadaye vita vilivuka vikaenda hata Uvira, na Baba akarudi kwa miguu akiwa amekonda, akalivaa lile koti bila kuuliza habari ya mishono. Babu alikufa kitandani kwake, kwa uzee, akiwa ameshikwa mkono, jambo ambalo katika miaka ile lilikuwa ni bahati ya wachache.

Mimi sasa naishi mjini, mtaa wa Buyenzi, ni mtu mzima, na wasiwasi haujanitoka. Jirani akipigilia bati msumari nasimama kwanza, ndipo nakaa. Mwaka huu nilimpeleka Mama kutembea Buterere, maana alikuwa akiomba sana, tukaenda na binti yangu mdogo. Jaruba letu halipo. Pana nyumba za matofali na mabati, na mchele dukani hapo unatoka nchi nyingine, mweupe, hauna harufu. Mfereji wa Babu umejaa mifuko ya plastiki. Wakazi walitulalamikia kwamba mvua ikinyesha maji yanaingia ndani mwao, na Mama akatazama tu, kisha akaninong'oneza kwamba yanaingia kwa zamu ile ile, kwanza kwa wa barabarani, halafu kwa Mama Goreti, halafu kwetu. Watu wale hawakutujua. Watoto wao walicheza na masufuria wakiyapiga kwa nguvu zote, na hakuna aliyewakataza, nami nilishukuru na nikaogopa kwa pamoja.

Mama macho yake yamepungua siku hizi. Tulikuwa tumesimama pale ulipokuwa ukingo wetu wakati ndege ya abiria iliposhuka kuelekea uwanjani, chini chini, na binti yangu akaruka na kunyoosha kidole akipiga kelele, "Bibi, ndege!" Mama hakuangalia juu. Aligeuka haraka kuelekea mtoni, ameinamisha kichwa, anasikiliza, na mkono wake wa kulia ulikuwa unapapasa hewani ukitafuta kitu cha kupiga.

"Ziko kwa nani?" aliuliza.

Nikaushika ule mkono. "Ziko kwetu, Mama," nikamwambia. "Ziache zishibe kwanza."